Vitone vyeupe kwenye chapa za watoto: ni hewa ya Dodoma, karatasi, maji au mkono?

#1 RolaNaKijiko

Mbukwenyi wadau. Naomba tulichambue hili, maana linaharibu kazi za watoto.

Vifaa ni vya kusafiri navyo, vinaenea kwenye mabegi mawili: rola tano za mpira, marumaru tano za sentimita 30 kwa 30 za kutandazia wino, vipande 60 vya lino (zulia gumu linalochongeka) vya sentimita 10 kwa 15, vijiko vya mbao, kamba na vibanio. Mtoto anachonga picha kwenye kipande cha lino, hilo ndilo bamba; analipaka wino kwa rola, analaza karatasi juu na kusugua kwa kijiko, akiibandua ndiyo chapa. Warsha ni za siku moja kwenye shule za msingi za Chamwino, Bahi na Kongwa, darasa la nne hadi la sita. Watoto 60, vikundi kumi vya sita sita, kila vikundi viwili rola moja. Wino ni wa maji, mweusi. Karatasi ni A4 ya kutolea kopi, gramu 80.

Tatizo: sehemu zinazotakiwa kuwa nyeusi tii zinatoka na vitone vyeupe vidogo vidogo kama ufuta. Ng'ombe mweusi wa mtoto anaonekana kama kamwagiwa chumvi. Chapa za saa mbili na nusu asubuhi ni nzuri. Ikifika saa nne na nusu hakuna inayotoka safi. Mabegi hayahaya Bagamoyo, wino uleule, karatasi ileile, nyeusi tii mpaka jioni. Nini kimebadilika?

#2 UpepoMakulu

Hewa mkuu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Agosti mvua imeshasahaulika. Wino wa maji unakauka maji yakiondoka, na ukishatandazwa kwa rola ni utando mwembamba kuliko karatasi yenyewe. Bagamoyo hewa ina unyevu, wino unasubiri. Huku hausubiri. Kuanzia saa nne upepo ukishika ndiyo kabisa. Saa ulizotaja zinajieleza.

Cha kufanya: rola ikiinuka kwenye bamba, karatasi itue ndani ya sekunde 30. Maana yake karatasi iwe imeshakatwa na iko mikononi mwa mtoto wa pili kabla wa kwanza hajagusa wino. Watoto wakianza kubishana zamu ni ya nani, wino umeshakufa. Chumba kifungwe madirisha ya upande wa upepo. Marumaru isikae juani, maana ikipata joto inakausha wino kwa chini.

Halafu ongeza glisirini ya dukani, ile tupu isiyo na mafuta: kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kwa mililita 100 za wino. Usizidishe. Ukifika vijiko vitatu chapa hazikauki, na mtoto akiweka ya kwake ndani ya daftari inagandana na ukurasa.

#3 BiMarekani

Kaka Upepo, kwako kila jambo ni upepo, hata sufuria ikiungua.

Mimi naona ni karatasi. Karatasi ya kopi imetengenezwa kwa unga mkavu wa mashine. Ina wanga wa kuzuia maji na chokaa ya kuing'arisha, haina haja na wino wa rola. Kwenye hewa kavu inakakamaa, haishuki kwenye vibonde vidogo vya bamba. Pale isipogusa ndipo panapobaki peupe. Pwani inakuwa laini yenyewe bila kuilowanisha.

Ilowanishe usiku wa kuamkia warsha. Pitisha sponji iliyokamuliwa sana kwenye karatasi moja, weka mbili kavu juu yake, kisha moja ya kulowanishwa, endelea hivyo mpaka ziishe. Zifunge kwenye nailoni ya kufunikia meza, juu weka ubao na matofali mawili. Asubuhi ukizishika ziwe za baridi mkononi, ila zisiwe na mng'ao wa maji. Zikimeta bado ni mbichi mno, wino utakimbia na gramu 80 itachanika pembeni. Toa moja moja, rudishia nailoni.

#4 FundiPlaiwudi

Kabla hamjanunua glisirini wala sponji, angalieni bamba lenyewe baada ya kubandua karatasi. Hicho ndicho kipimo na hakigharimu kitu.

Pale karatasi ilipotoka na kitone cheupe, tazama sehemu hiyohiyo kwenye bamba, ukikumbuka kwamba chapa imegeuka kushoto kulia. Ukikuta wino bado mbichi, unang'aa, basi karatasi haikushuka: mkandamizo ni mdogo. Ukikuta wino upo lakini umefifia, haunati kidoleni, umekauka: hapo Upepo ana haki. Ukikuta bamba liko tupu, wino haukushika tangu mwanzo: kuna mafuta, vumbi au wino ulikuwa kidogo. Kasoro tatu tofauti zinatoa kitone kilekile.

Na kwa watoto wa miaka 9, 10, mimi naweka fedha yangu kwenye mkandamizo. Dawati la shule lina ufa katikati ya mbao mbili, juu yake kuna maandishi yaliyochongwa na wanafunzi wa miaka yote. Bamba likikaa juu ya ufa, katikati hapapati nguvu. Weka kipande cha plaiwudi cha milimita 12 juu ya dawati, gazeti tabaka nne, ndipo bamba. Kijiko kishikwe karibu na kichwa, siyo mwishoni mwa mpini, kidole gumba kikae ndani ya shimo la kijiko. Asugue kwa miduara midogo, kutoka katikati kwenda pembeni, mkono mwingine umeshika karatasi isitembee. Ainue kona moja achungulie. Kama bado, arudishe asugue tena. Sentimita 10 kwa 15 zinahitaji dakika mbili nzima kwa mtoto. Wengi wanasugua nusu dakika kwa sababu mwenzake anamwambia maliza.

#5 RolaNaKijiko

Ahsanteni. Kwa kipimo cha Fundi, mabamba manne yaliyoangaliwa jana yalionyesha hivi: mawili wino mbichi, moja umekauka, moja vyote viwili, katikati mbichi na pembeni mkavu.

Niongeze nilichosahau kwenye #1. Wino wa chupa ukiwa mzito unapunguzwa kwa maji kidogo ya shule. Na vikundi vinne vinatumia wino wa kupika: wanga wa muhogo na masizi.

#6 MajiYaKisima

Hapo sasa. Hayo maji ya shule ni ya wapi? Maji ya visima vingi vya kanda hii yana chumvichumvi na magadi. Birika linaota ukoko mweupe ndani. Na ni kama nawaona mnavyofanya: masizi hayakubali maji, yanaelea, kwa hiyo mnatia sabuni ya mche ili yalowane. Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu inagandamana, inakuwa utando wa vipande vidogo vyeupe, uleule unaobaki kwenye beseni la kufulia. Vipande hivyo vinaingia kwenye wino, kila kimoja kinashikilia karatasi juu, na kukizunguka panabaki peupe.

Lowanisha masizi kwa matone ya spiriti, mtu mzima ndiye afanye, mbali na jiko. Au tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, haigandamani hivyo. Maji ya wino yawe ya mvua, ya chupa, au yaliyochemshwa yakatulia kisha yakamiminwa bila ukoko wa chini.

#7 UpepoMakulu

#6 umeeleza vizuri, lakini mleta mada anasema hata wino wa chupa unatoa vitone. Wa chupa hauna sabuni ya mche.

#8 MajiYaKisima

Unapunguzwa kwa maji ya shule, soma #5. Na rola zinaoshwa kwa maji gani?

#9 BiMarekani

Tuwape watu njia kamili ya wino wa muhogo, maana wengi wanakosea hapo na kulaumu hali ya hewa.

Usitumie unga wa ugali wa muhogo, una nyuzinyuzi. Tumia wanga: kwaruza muhogo mbichi, kamulia kwenye kitambaa, acha maji yatulie saa tatu nne, mwaga maji ya juu, anika kilichobaki chini. Vijiko vitatu vya chakula vya wanga huo, vilivyojaa bila kulundika, kwenye nusu lita ya maji. Koroga kwanza na maji baridi kidogo usiwe na mabonge, kisha mimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga mpaka ubadilike kutoka weupe uwe kama kioo. Ipua. Chuja kwa kipande cha kitambaa cha marekani ukiwa bado na joto, ukipoa haupiti. Ndipo uingize rangi kidogo kidogo kwenye marumaru kwa kisu cha kupakia siagi.

Rangi rahisi ni oksaidi ya sakafu, nyekundu au nyeusi, inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Funga pua na mdomo wakati wa kuchanganya unga. Watoto wasiwepo mpaka iwe imeshalowana. Uji huo unachacha siku ya pili, kwa hiyo pika asubuhi ya warsha. Tone moja la mafuta ya karafuu linachelewesha ukungu, halizuii.

Na wino huu ni mlegevu. Hautaki rola ngumu, unataka kugongwagongwa kwa pedi: sponji ya godoro imefungwa ndani ya kitambaa, saizi ya limao.

#10 Mgeni_wa_Lino

Habari zenu. Mbona mnahangaika na lino ya kuagiza? Lino iko tele madukani, ile wanayotandika sebuleni kwa mita. Kata vipande, chonga.

#11 FundiPlaiwudi

Hapana mkuu, tusipotoshe wenzetu. Kapeti la sebuleni la kukata kwa mita ni plastiki. Lino halisi, ambayo Mwingereza Frederick Walton aliisajili mwaka 1863, ni mafuta ya kitani yaliyogandishwa yakachanganywa na unga wa gome la koki, nyuma yake gunia la juti. Ikichongwa inakatika kama jibini, ikipashwa joto inalainika. Ya plastiki patasi inavuta, kingo zinajikunja juu, na wino wa maji unajikusanya matone juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Ukilazimika kuitumia, ipige msasa namba 400 mpaka ipoteze mng'ao wote, kisha ifute kwa sabuni na maji.

Hata lino halisi mpya ina utando wa mafuta juu. Msasa mwepesi kidogo, futa vumbi. Mleta mada, vipande vyako 60 vilipigwa msasa?

#12 RolaNaKijiko

Vya zamani ndiyo. Vya toleo jipya, kama 25, hapana.

#13 FundiPlaiwudi

Basi kuna sababu ya tano. Endelea kuhesabu.

#14 MwalimuChaki

Wakuu, mnaongelea lino kana kwamba kila shule inaipata. Mwalimu anayebaki shuleni baada ya msanii kuondoka hana lino, na warsha isiyoendelea wiki inayofuata imeishia kwenye picha za simu. Chukueni vitu vya hapahapa.

Soli ya ndala iliyochakaa ni bamba bora kabisa la kugonga kama muhuri. Kata kwa wembe, mtu mzima afanye, chora kwa kalamu ya wino ukikandamiza sana. Tyubu ya baiskeli: kata maumbo kwa mkasi, bandika kwenye kipande cha mbao kwa gundi ya fundi viatu, gonga. Boksi la maziwa lenye karatasi ya fedha ndani: lifungue, lioshe, kwaruza upande wa fedha kwa msumari, jaza wino kwenye mikwaruzo, futa juu kwa kitambaa, chapa kwa karatasi iliyolowanishwa. Hilo linahitaji mkandamizo mkubwa, kijiko kidogo hakitoshi, tumia mgongo wa kijiko cha chuma. Vile vyombo vyeupe vya povu vya kubebea chipsi: kata sehemu ya chini iliyo bapa, mtoto wa darasa la pili anachora kwa kalamu butu, hakuna kisu hata kimoja. Bamia lililokatwa kwa upana linatoa nyota yenye pembe tano bila kuchonga chochote.

Rola ya kuunda: bomba la plastiki la nusu inchi, urefu wa sentimita 12, livalishe tyubu ya baiskeli bila mkunjo, ndani pitisha waya mnene uupinde uwe mpini. Mshono wa tyubu utatoa mstari kila mzunguko, kwa hiyo chagua kipande kisicho na kiraka.

#15 MbavuYaMwavuli

Kwenye visu nina la kuongeza. Chini ya miaka 10 patasi isiguswe, povu na kalamu vinatosha. Juu ya hapo, patasi za kununua ni chache, lakini mbavu za mwavuli ulioharibika zina umbo la mfereji. Kata sentimita 8, noa ncha kwa nje tu kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo, kisha ipachike kwenye kipande cha mwanzi au kijiti ikitokeza sentimita 3. Chuma chake ni laini, inoe kila baada ya dakika ishirini. Patasi butu ndiyo inayokata vidole, kwa sababu mtoto anaongeza nguvu na inateleza.

Kibao cha kuzuia ni lazima: ubao wa sentimita 20 kwa 25, kipapi kimoja chini upande wa mbele kishike ukingo wa meza, kingine juu upande wa nyuma bamba liegemee. Mkono usiochonga ukae nyuma ya patasi daima. Anayetaka kuchonga kona anageuza bamba, hageuzi mkono. Asubuhi za Juni na Julai Dodoma lino inakuwa ngumu kama ubao; ilaze juani dakika tano upande wa gunia ukiwa chini, itachongeka. Kina cha milimita moja na nusu kinatosha, ukiona gunia umepitiliza.

#16 Pindo_na_Mji

Ahsante #14 na #15. Nami niongelee vikundi vya watu wazima, maana mleta mada ataviona akifika Mpwapwa na Kondoa.

Akina mama hawataki karatasi, wanataka kitambaa wavae au wauze. Marekani mpya ina dawa ya kiwandani, rangi inakaa juu tu na kufulia kwa mara ya kwanza inaondoka. Fua kwanza kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kausha, piga pasi. Tumia rangi ya nguo, siyo rangi ya ukutani. Ya ukutani inakakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Chini ya kitambaa weka blanketi iliyokunjwa mara mbili. Bamba la kitambaa liwe na michoro minene, mistari myembamba inajaa rangi. Ikikauka, pasi ya mkaa upande wa nyuma dakika tatu hadi tano bila mvuke, halafu usifue kwa siku kadhaa.

Na msiwafundishe mpangilio kana kwamba hawaujui. Kila mmoja ameshavaa kanga, anajua pindo linazunguka, mji unakaa katikati, jina liko chini ya mji. Waambie tu: chonga bamba moja la pindo na moja la mji. Kazi inakwenda haraka kuliko somo lolote la mpangilio. Tatizo liko kwenye jina.

#17 MwalimuChaki

Kwenye jina kweli, kwa sababu herufi zinageuka. Watoto wanaandika jina vizuri kwenye bamba, chapa inatoka kinyume, wengine wanalia. Andika kwa penseli laini kwenye karatasi, ilaze uso chini juu ya bamba, sugua mgongo kwa kijiko. Penseli inahamia ikiwa imegeuka. Wewe chonga unachokiona. A, H, I, M, O, T, U na V hazisumbui. N na S ndizo zinazoponza, angalia hizo kabla ya patasi.

#18 MbavuYaMwavuli

Msanii John Muafangejo wa Namibia alijaza maandishi kwenye lino zake nyeusi na nyeupe, sentensi nzima nzima ndani ya picha. Wakubwa wakiona kazi kama zile hawaogopi tena kuandika. Alisomea huko kwao Namibia, Rorke's Drift.

#19 Pindo_na_Mji

Sahihisho dogo: Rorke's Drift iko Afrika Kusini, eneo la KwaZulu-Natal. Kituo hicho cha sanaa kilianzishwa mwaka 1962 na Waswidi wawili, Peder na Ulla Gowenius. Muafangejo alizaliwa Angola mwaka 1943, akaishi Namibia, akaenda kusoma pale. Ufumaji na lino vilifundishwa pamoja, ndiyo maana naona mfano ule unafaa vikundi vyetu vya akina mama.

#20 MbavuYaMwavuli

Nimepokea, ahsante.

#21 Mrangi_Kolo

Salaam. Kwa kuwa mtafika Kondoa, watu watawaambia mchukue watoto Kolo wakaone michoro ya mapangoni kisha wachonge. Ni wazo zuri, Mongomi wa Kolo iko karibu na michoro imeingia Urithi wa Dunia tangu 2006. Ila mambo matatu. Msimwagie maji mchoro ili ung'ae kwenye picha, msiweke karatasi juu ya mwamba kunakili, na msichimbue udongo mwekundu pale chini kwa ajili ya wino. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipoinakili mwaka 1951 ilikuwa kazi ya utafiti, siyo ya darasa. Watoto wachore kwa macho, wamesimama hatua mbili. Mahali pale wazee bado wanafanyia matambiko, kwa hiyo anzeni kwa wazee na ofisi ya mambo ya kale, siyo kwa dereva.

Udongo mwekundu uko kila kona ya Kondoa, hata kwenye makorongo ya barabarani. Loweka kwenye ndoo, koroga, subiri dakika moja mchanga uzame, mimina maji mekundu kwenye ndoo ya pili, acha yatulie usiku. Tope laini la chini ndilo rangi. Mchanga ukibaki utaona vitone vyenu hivyohivyo.

#22 UpepoMakulu

Sababu ya sita, mchanga. Na vumbi la Dodoma linalotua kwenye marumaru wakati upepo unavuma? Maana hilo nalo ni punje. Mnaona upepo unarudi.

#23 BiMarekani

Umeurudisha kwa mlango wa nyuma, kaka.

Wajapani wanaochapa kwa maji na gundi ya mchele wana jina la vitone hivi, gomazuri, na goma ni ufuta. Wao wanavitafuta kwa makusudi: wanapunguza gundi na kusugua kidogo. Kwa hiyo hata kwao sababu ni mbili kwa pamoja, wino na mkono. Anayetaka nyeusi tii afanye kinyume cha vyote viwili.

#24 MwalimuChaki

Tukirudi kwa watoto 60: nadhani nusu ya tatizo ni foleni. Rola tano, watoto 60, kila mmoja akichukua dakika nne kwenye wino na kusugua, ni dakika 48 kama hakuna anayekosea, na wote wanakosea. Wanafika kwenye wino saa nne na nusu kwa sababu kuchonga kumekula asubuhi nzima. Gawa siku mbili. Ya kwanza kuchora na kuchonga. Ya pili kuchapa kuanzia saa mbili, na saa nne umemaliza, upepo usiwahusu. Kama ni siku moja tu, basi povu badala ya lino, kuchora dakika 30 tu.

Meza ya wino isimamiwe na mtu mzima mmoja mwenye kusikiliza. Rola ikipita kwenye wino sahihi inachachatika kama mafuta yanayoanza kushika moto. Ikinyamaza na kuteleza, wino ni mwingi. Ikinata kwa sauti ya kuchanika, umeshaanza kukauka: pulizia maji mara moja, changanya upya kwa kisu, tandaza. Tabaka nyembamba tatu kwenye bamba ni bora kuliko moja nene.

Kingine: barua ya kibali ipitie kwa mkurugenzi wa halmashauri mapema, ndipo mkuu wa shule. Na kabla ya kurusha sura za watoto mtandaoni, pateni ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.

#25 RolaNaKijiko

Majibu ya jaribio. Bamba moja lililopigwa msasa, mkono mmoja wa mtu mzima, kusugua dakika mbili, darasa lilelile, saa mbili na nusu kisha saa tano.

Karatasi kavu, wino bila nyongeza: asubuhi vitone vichache, saa tano vingi sana. Karatasi kavu, wino wenye glisirini mililita 5 kwa 100: saa tano vimepungua pembeni, katikati vipo. Karatasi iliyolowanishwa, bila glisirini: asubuhi safi, saa tano vinarudi. Karatasi kavu, bila glisirini, plaiwudi na gazeti tabaka nne chini: asubuhi safi, saa tano vichache kuliko zote. Wino wa muhogo kwa maji ya chupa: vipande vyeupe havipo tena kwenye wino, lakini vitone kwenye chapa viko vilevile saa tano.

#26 FundiPlaiwudi

Gazeti na plaiwudi ndiyo bora. Mkandamizo.

#27 UpepoMakulu

Hakuna njia hata moja iliyokuwa sawa asubuhi na saa tano. Mkono ni uleule, bamba ni lilelile. Kilichobadilika kati ya saa mbili na nusu na saa tano ni kitu kimoja.

#28 BiMarekani

Mkono wa saa tano umeshasugua chapa kumi. Unachoka. Na hujajaribu karatasi iliyolowanishwa juu ya gazeti kwa pamoja na glisirini.

#29 MajiYaKisima

Na hakuna aliyejibu swali langu la #8. Rola zinaoshwa kwa maji gani, na zinakaushwa vipi? Maji ya kisima yakikaukia kwenye mpira yanaacha punje za ukoko. Kila punje inatoboa wino mahali palepale kila mzunguko. Pima kipenyo cha rola. Ikiwa ni sentimita 4, mzunguko wake ni kama sentimita 12 na nusu. Tandaza wino kwenye marumaru kwa mkupuo mmoja mrefu, kisha weka rula. Vitone vinavyojirudia kwa umbali huo ni vya rola, si vya hewa wala karatasi. Futa rola kwa siki, suuza kwa maji ya chupa, futa kwa kitambaa kikavu, itundike isiguse kitu.

#30 RolaNaKijiko

Zinaoshwa kwenye ndoo ya shule na kuanikwa juani. Kipenyo ni sentimita 4 kamili.

Rula imewekwa sasa hivi. Kwenye marumaru kuna vitone viwili vinavyojirudia, sentimita 12 na nusu, mara mbili mfululizo. Vingine, navyo ni vingi, havijirudii popote.